Asha ni nani kwa seva? SMB na NFS juu ya folda moja

Chukua ofisi ya kawaida pale Mikocheni: kompyuta kumi za Windows upande wa uhasibu na utawala, tatu za Linux chumba cha kuhariri video, na hifadhi moja ya mtandao pembeni ya ruta inayowahudumia wote. Windows wanaingia kwa SMB, Linux wanamaunti (wanaiunganisha folda ya seva na mashine yao) kwa NFS, itifaki mbili za kushea mafaili; folda ni ileile, `/data/miradi`. Asubuhi Asha anahifadhi faili kutoka Windows. Saa tano Neema kule Linux anaandika `ls -l` na kukuta mmiliki hana jina, ni namba tupu: `3007`. Akijaribu kulirekebisha faili anaambiwa `Permission denied`. Anaitwa fundi. Fundi anaandika `chmod -R 777 /data`, yaani ruhusa zote kwa wote, kila mtu anashukuru, na kuanzia dakika ile karatasi za mishahara zinasomeka kwa yeyote aliyechomeka waya.

Kwenye ofisi hiyo ruhusa hazikuwa na tatizo lolote. Seva ilikuwa haijui kwamba Asha wa Windows na asha wa Linux ni mtu mmoja. Malalamiko mengi ya "faili halifunguki" kwenye hifadhi inayotumia itifaki mbili chanzo chake ni utambulisho, na ukianza kurekebisha ruhusa kabla ya utambulisho utazunguka wiki nzima.

Hodi mbili

SMB hubisha hodi na kitambulisho mkononi. Kompyuta ya Asha inafungua kikao, akaunti inathibitishwa kwa NTLM au Kerberos, njia mbili za kuthibitisha mtu, na kila anachofanya ndani ya kikao kile kinahesabiwa kwake. Seva imejiridhisha.

NFS ya kawaida, yaani toleo la 3, au hata la 4 likiwa kwenye `sec=sys`, hubisha kwa maneno tu. Kila ombi linabeba namba: UID moja (namba ya mtumiaji), GID moja (namba ya kikundi chake kikuu), na vikundi vya ziada visivyozidi 16. Hakuna nywila inayofika kwenye seva. Kompyuta iliyomaunti inasema "huyu ni 1001", seva inaitikia karibu. Tuseme 1001 ndiyo namba ya asha wa Linux. Kinachokaguliwa ni kama anwani ya IP ya kompyuta hiyo imo kwenye orodha ya walioruhusiwa, basi.

Kwa hiyo mgeni mwenye kompyuta mpakato yake ya Linux, ambayo yeye ndiye `root` (msimamizi mkuu), akipata anwani iliyomo kwenye orodha anahitaji mistari mitatu:

    useradd -u 1001 yeyote
    mount -t nfs 192.168.10.5:/data /mnt
    su yeyote

Tayari ni Asha. `root_squash`, ambayo mafundi wengi huitegemea kama kufuli, inamgeuza UID 0 peke yake kuwa 65534. Haina habari na 1001.

Ndiyo maana orodha hiyo ya walioruhusiwa, faili la `/etc/exports` kwenye seva, inatakiwa itaje kompyuta moja moja, si mtandao mzima, na kamwe isiwe nyota. Na chunga nafasi. Mstari huu ni sahihi:

    /data 192.168.10.21(rw,sync) 192.168.10.22(rw,sync)

Huu ni janga:

    /data 192.168.10.21 (rw,sync)

Ile nafasi kabla ya mabano inamaanisha kompyuta ya .21 inapata masharti ya kawaida, ambayo ni kusoma tu, halafu dunia nzima inapata kuandika. Ukishahariri, endesha `exportfs -ra`, kisha `exportfs -v` usome kwa macho. Ukiona neno `<world>`, umeacha mlango wazi. Wi-Fi ya wageni iwe kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa, isiweze kuiona kabisa anwani ya hifadhi.

Ile 3007 ilitoka wapi

Windows haina UID. Ina SID, mkufu mrefu wa namba unaoishia na kipande kinachoitwa RID, tuseme `S-1-5-21-…-1104`. Linux haijui SID, inajua UID. Lazima awepo wa kutafsiri, na tafsiri iwe moja kwenye kila mashine.

Kwenye Samba, programu ya kuhudumia SMB nje ya Windows (ambayo ndiyo inayofanya kazi ndani ya hifadhi za Synology, QNAP na TrueNAS pia) mtafsiri ni winbind, na ana njia kadhaa. Njia ya `tdb` hugawa namba kwa foleni: anayetangulia kuingia anapata ya kwanza, anayefuata ya pili. Asha alikuwa wa nane, akapewa 3007. Kwenye seva ya pili huenda akawa wa tatu. Tafsiri yote inakaa kwenye faili moja, `winbindd_idmap.tdb`, likipotea, seva inaanza kugawa upya na mafaili ya Asha yanaweza kuwa ya mtu wa stoo. Watu hufanya bekapu ya `/data` na kulisahau faili hilo.

Njia ya `rid` haigawi, inajumlisha. Inachukua RID na kuiongezea mwanzo wa masafa uliyoyaweka:

    idmap config * : backend = tdb
    idmap config * : range = 3000-7999
    idmap config OFISI : backend = rid
    idmap config OFISI : range = 100000-199999

Hapo Asha mwenye RID 1104 ni 101104 kwenye kila seva yenye mistari hiyo hiyo, leo na mwakani. Masafa mawili yasiingiliane. Mistari ya OFISI (jina la domeni, yaani kundi la akaunti za ofisi nzima) isipokuwepo, kila mtu wa domeni anaangukia kwenye mistari ya nyota (`*`), na ndivyo 3007 inavyozaliwa.

Kuna mtego hapa. Kompyuta za Linux zilizounganishwa na Active Directory (daftari la Microsoft la akaunti za domeni) mara nyingi zinatumia mtafsiri mwingine, sssd, wala si winbind, na sssd ina hesabu yake tofauti, inayoanzia 200000 isipobadilishwa. Seva itasema Asha ni 101104, kompyuta ya Neema itasema ni milioni na kitu, na wote wawili watakuwa sahihi kwa hesabu zao. NFS itagoma.

Ofisi ikishapita watu kumi hivi, njia ninayoiona salama ni kuandika namba zenyewe ndani ya Active Directory: `uidNumber` na `gidNumber`, sifa zilizotoka kwenye waraka wa kiufundi RFC 2307 wa mwaka 1998. Kisha winbind iwekwe `backend = ad` na `schema_mode = rfc2307`, na sssd iwekwe `ldap_id_mapping = False`. Namba inakuwa imeandikwa sehemu moja, wote wanaisoma. Kosa linalojirudia ni kuwapa watu `uidNumber` na kusahau kikundi cha Domain Users. Kikundi hicho kisipokuwa na `gidNumber` iliyo ndani ya masafa, winbind inawaona watu wote kama hawapo.

Kabla ya kwenda mbele, linganisha. Kwenye seva `id asha`, kwenye kompyuta ya Linux `id asha`, kisha `ls -ln` kwenye folda, kwa `-n` ili uone namba na si majina, kwa sababu majina yanadanganya. Zote tatu zifanane. Ukibadilisha njia ya kutafsiri wakati hifadhi tayari ina data, kumbuka diski imeandika namba za zamani na haitazibadilisha yenyewe; utapita kwa `chown --from=3007 asha -R /data`, mtu mmoja mmoja, usiku ofisi ikiwa imefungwa.

Nobody

Kuna `nobody` (mtumiaji asiye mtu halisi) wa aina mbili na dawa zao ni tofauti.

Wa kwanza anatoka upande wa Samba. Ukiwa na `map to guest = Bad User`, mtu akiandika jina lisilokuwepo hakataliwi; kwenye folda inayoruhusu wageni anaingizwa kama mgeni, na mafaili yake yanaandikwa kwa jina la `nobody`. Kosa moja la herufi kwenye jina linatosha. Weka `map to guest = Never`, apate kukataliwa mapema ajue amekosea.

Wa pili ni wa NFSv4, ambayo inaweza kupeleka mmiliki kama jina lenye domeni, `asha@ofisi.lan`. Mstari wa `Domain =` kwenye `/etc/idmapd.conf` ukitofautiana kati ya seva na kompyuta, kila jina linageuka `nobody`. Sawazisha, kisha `nfsidmap -c` kufuta kashe. Lakini usichanganye jina linaloonekana na ruhusa: kwenye `sec=sys` ruhusa inapimwa kwa namba iliyo kwenye ombi. Unaweza kuona `asha asha` safi kabisa kwenye `ls -l` na bado ukanyimwa.

Na ile 16 niliyoitaja juu: Asha akiwa kwenye vikundi vya ziada 19, vitatu havifiki kwenye seva. Kupitia Windows anaingia folda ya Zabuni, kupitia Linux anakataliwa, na fundi asiyejua atakesha. Kwenye seva ya Linux weka `manage-gids=y` chini ya `[mountd]` kwenye `/etc/nfs.conf`, seva itapuuza orodha iliyoletwa na kutafuta vikundi yenyewe. Sharti lake ni seva iwajue watumiaji wote, jambo linalokurudisha kwenye namba.

Ruhusa ziandikwe kwa lugha moja

Sasa ndiyo tuongee ruhusa. Linux inaongea herufi tisa, `rwxr-x---`, na pengine ACL (orodha ya nani anaruhusiwa nini) ya mtindo wa POSIX. Windows inaongea ACL yake yenye kuruhusu, kukataza na kurithi. Hakuna tafsiri kamili kati ya hizi mbili. Kitu kitapotea njiani. Kwa hiyo chagua lugha moja kwa kila folda ya kushea, kwa kufuata ni nani anayesimamia ruhusa zake, si nani anayesoma mafaili.

ONTAP, mfumo wa hifadhi za kampuni ya NetApp, imeliweka hili wazi: kila volumu ina mtindo wa `unix`, `ntfs` au `mixed`. Kwenye `ntfs`, mtu wa NFS anatafutiwa jina lake la Windows kwanza ndipo ACL ipimwe, na `chmod` yake haina nguvu. Kwenye `unix` ni kinyume. Kwenye `mixed`, aliyeweka ruhusa mwisho ndiye anayeamua lugha ya faili hilo, hivyo `chmod` moja ya Neema inaweza kufuta ACL aliyoipanga mhasibu. Jina "mixed" linawavutia watu wakidhani ndiyo ya itifaki mbili. Siyo. Mitindo yote mitatu inapokea itifaki mbili, na `mixed` ndiyo ya kuikwepa. Mtumiaji wa Windows asiye na mwenzake upande wa UNIX anaangukia kwa `pcuser`. Ukiona jina hilo linamiliki mafaili, tafsiri ya majina imefeli.

Samba ikiwa na `vfs objects = acl_xattr` inafanya kitu cha hila kidogo. ACL ya Windows inaihifadhi nzima pembeni ya faili, pamoja na alama ya ruhusa za Linux za wakati ule. Mtu wa NFS akifanya `chmod`, alama haifanani tena, na Samba inaitupa ACL iliyohifadhiwa na kujenga nyingine kutoka kwenye zile herufi tisa. Hakuna onyo. Wiki mbili baadaye mhasibu anauliza nani kamwondolea ruhusa.

Kwenye ACL ya POSIX, kinachowaumiza wengi ni `mask`. Tazama faili hili:

    user::rw-
    user:neema:rw-
    group::r--
    mask::rw-
    other::---

Mtu anaandika `chmod 640`, akidhani anagusa kikundi. Faili likiwa na ACL, ile tarakimu ya katikati haigusi kikundi, inagusa `mask`. Ukiita `getfacl` tena:

    user:neema:rw-    #effective:r--
    mask::r--

Neema bado ameandikwa `rw-`, ila hawezi kuandika. Programu za kuhariri na za kunakili hufanya `chmod` kimyakimya, ndiyo maana tatizo linajirudia hata kama hakuna binadamu aliyegusa. Kwenye mfumo wa faili wa ZFS unaotumia ACL za aina ya NFSv4 unaweza kulizuia: `aclmode=restricted` inaikatalia `chmod` kwenye faili lenye ACL, ikipiga kelele badala ya kuharibu.

Kingine cha haraka: Linux inadai `x` kwenye kila folda ya njiani. Windows yenyewe kwa kawaida inaruhusu mtu kupita folda asizoweza kuzisoma hadi afike kwenye yake. Njia ileile inayofunguka kwa Asha wa Windows inaweza kugoma kwa asha wa Linux kwa sababu ya folda ya juu ambayo hakuna aliyeifikiria. `namei -l /data/miradi/2024/zabuni` inaonyesha kila hatua kwa mstari wake. Ndiyo amri ninayoianza nayo.

Kerberos, na saa ya ukutani

Dawa ya NFS inayoamini maneno matupu ni Kerberos. `krb5` inathibitisha mtu, `krb5i` inaongeza ulinzi dhidi ya kuchezewa njiani, `krb5p` inasimba kila kitu na kula prosesa kidogo. Seva na kompyuta ziunganishwe na domeni (`realm join`), seva iwe na `nfs/hifadhi.ofisi.lan` kwenye keytab yake (faili la funguo za Kerberos), uhakikishe kwa `klist -k`; upande wa mteja `rpc.gssd` iwe inaendeshwa; kwenye exports weka `sec=krb5p`; na mteja amaunti kwa jina la seva, si kwa IP, kwa sababu tiketi, kibali cha muda cha Kerberos, hutolewa kwa jina.

Halafu ije saa. Kerberos ya Active Directory haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Kwa Dar, umeme ukikatika na kurudi, mashine yenye betri ya CR2032 iliyokufa inaamka na tarehe ya kiwandani, intaneti bado haijarudi, saa haina pa kujirekebishia, na ofisi nzima inaona `Clock skew too great` ikidhani nywila zimebadilika. Weka chrony, programu ya kusawazisha saa, isome saa kutoka kwa kidhibiti cha domeni kilichomo humo ndani (`server dc1.ofisi.lan iburst`, pamoja na `makestep 1.0 3`), kidhibiti hicho kiwe kwenye UPS, na badilisha hizo betri, hazina gharama.

Kuna kosa jingine linalofanana nalo ila gumu kuliona. Saa inasomeka sawa na ya ukutani, lakini mashine imewekwa ukanda wa UTC. Kerberos inahesabu kwa UTC, kwa hiyo mashine hiyo iko mbele kwa saa 3 kamili. `timedatectl` itakuonyesha, sahihisha kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha saa yenyewe.

Tiketi huisha baada ya saa 10 kwa mpangilio wa kawaida. Kazi ya kurenda video inayoanza jioni inaweza kufia alfajiri katikati. Kazi za namna hiyo zipe akaunti yake yenye keytab, sio tiketi ya mtu aliyekwenda kulala. Tiketi na kikao hubeba pia vikundi vya wakati vilipofunguliwa: ukimwongeza mtu kwenye kikundi, atoke aingie upya, au upande wa Windows `klist purge`, na kwenye Samba `net cache flush`, kabla hujaanza kutilia shaka kazi yako.

Kama Linux ziko tatu tu, mimi nisingehangaika na NFS kabisa. Zimaunti SMB: `mount -t cifs -o sec=krb5,multiuser`. Kila mtu anathibitishwa kwa akaunti yake, itifaki inabaki moja, na nusu ya makala hii huihitaji. Asiyeweza Kerberos atumie faili la nywila, `credentials=/etc/hifadhi.cred`, mmiliki `root`, ruhusa 600. Usiandike nywila ndani ya `/etc/fstab`, faili hilo linasomwa na kila mtu.

Mashine ya fotokopi na aliyeacha kazi

Mashine ya kuskani hupewa akaunti ya msimamizi "ili isisumbue", na nywila yake inakaa kwenye kioo chake hadi itakapouzwa mtumba. Ipe akaunti yake, folda moja, kuandika tu. Za zamani zinataka SMB1, itifaki ambayo mlango wake ulizibwa na Microsoft Machi 2017 kwa MS17-010, na WannaCry ikapita humo Mei mwaka uleule kwa wasioziba. Usiifungue SMB1 kwenye seva kuu kwa ajili ya mashine moja; `server min protocol = SMB2_10` ibaki, na mashine itume kwa barua pepe au iskani kwenye USB.

Mfanyakazi akiondoka, wengi wanafunga akaunti kwenye Active Directory na kunawa mikono. SMB itamkataa. NFS ya `sec=sys` haijasikia habari hiyo: namba 101104 bado ni halali kwenye kompyuta yoyote iliyo kwenye orodha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, taarifa za wateja na wafanyakazi zilizo kwenye folda hizo si jambo la fundi peke yake tena.

Mlango wa NFS unaufunga kwenye exports au kwa Kerberos, huku mafaili unayashughulikia kwa namba:

    find /data -uid 101104 -print > /root/101104.txt

Pitia orodha na anayerithi kazi, hamisha umiliki kwa `chown`, kisha endesha `find /data -nouser` kuona mayatima wa miaka iliyopita. Namba 101104 yenyewe usimpe mtu mwingine. Ukiitumia tena, mgeni wa Jumatatu atakuwa mmiliki wa kila ulichosahau kukihamisha, pamoja na kilichomo kwenye snepshoti za zamani (picha za hali ya diski ya nyuma), ambazo `chown` haizigusi.